Kaa Mwisho wa Barabara: Safari ya Gari kutoka Kuala Lumpur hadi Vibanda vya Samaki vya Kuala Selangor na Sekinchan

Vibanda bora vya vyakula vya bahari katika jimbo la Selangor, Malaysia, havina mabango barabarani. Viko ng'ambo ya mifereji ya umwagiliaji, nyuma ya mashamba ya michikichi, pale mto unapokutana na tope la mikoko: paa la mabati juu ya nguzo, meza za plastiki, matangi mawili matatu ya maji, na mashua zimefungwa hatua chache kutoka unapokaa. Kutoka Kuala Lumpur ni kilomita 70 hivi hadi Kuala Selangor na takribani 100 hadi Sekinchan, mwendo wa saa moja mpaka mbili.

Umbali huo hausumbui mtu. Wanaorudi wamenuna huwa wamekwazwa na moja kati ya mambo matatu: walifika maji yamekupwa na mashua hazijaingia, walikuta mlango umefungwa, au waliagiza kaa bila kujua bei iliyoandikwa ni ya kilo au ya gramu 100. Yote matatu yanazuilika, na mawili ya kwanza yanazuilika ukiwa bado nyumbani.

Anza na maji

Kabla ya kufungua ramani, angalia mwezi. Pwani ya Mlango wa Malaka hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa karibu na Port Klang hufikia mita 4. Pwani yenyewe ni tambarare ya tope, kwa hiyo maji yakipwa yanakwenda mbali sana, na midomo ya mito inabaki na kina kidogo kiasi kwamba mashua haiwezi kuingia. Mvuvi wa huku hutoka na maji na kurudi na maji. Saa ya ukutani haimhusu.

Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya Selangor kwa kawaida hujaa asubuhi na mapema na tena jioni. Saa sita mchana utakuta tope tupu na mashua zimelala ubavu. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, maji hujaa karibu na mchana. Kutokana na hilo unapata kanuni rahisi: kama unataka chakula cha mchana chenye samaki walioshushwa muda huohuo, nenda siku za maji mafu, kama unataka chakula cha jioni, nenda siku za bamvua. Thibitisha kwa jedwali. Tafuta mtandaoni maneno ya Kimalei "jadual pasang surut Pelabuhan Klang". Pasang ni kujaa, surut ni kupwa. Jedwali hilo ni la bandari, kwa hiyo kwa Kuala Selangor na Sekinchan jiachie nafasi ya nusu saa huku na huku.

Mgahawa wenye matangi utakuwa na kaa hai hata maji yakiwa yamekupwa, maana kaa wa mikokoni huvumilia siku kadhaa nje ya mto. Samaki, kamba na ngisi ndio wanaofuata maji. Kama hamu yako ni kaa tu, maji yasikuzuie.

Kuna onyo moja la kulichukulia kwa uzito. Mamlaka zikitangaza "air pasang besar", hiyo ni bamvua kubwa kupita kawaida, na barabara za chini karibu na magati hufunikwa na maji ya bahari. Usiyavuke kwa gari hata kama yanaonekana kina cha kifundo cha mguu. Chumvi hula breki na nyaya, ukingo wa mfereji hauonekani chini ya maji, na bima ya kawaida ya gari Malaysia haigharamii mafuriko bila nyongeza maalumu. Subiri saa mbili tatu, maji yatashuka yenyewe.

Kwa anayetaka kufaidi zaidi, usiku wa mwezi mwandamo una faida ya pili. Kampung Kuantan, ndani kidogo ya Mto Selangor kutoka Kuala Selangor, ina vimulimuli wanaowaka kwa maelfu juu ya miti ya berembang, na mbalamwezi huwafifisha. Gizani wanaonekana vizuri. Jua huzama baada ya saa moja usiku, kwa hiyo ukila saa kumi na mbili jioni Pasir Penambang, unawahi kupanda mtumbwi saa mbili kasoro. Mitumbwi ya hapo hupigwa makasia na hubeba watu wanne. Zima mwanga wa kamera. Unawavuruga wadudu na wenzako pia.

Siku ya kwenda

Jumamosi na Jumapili mashua nyingi hutoka na samaki ni wengi, lakini nusu ya Kuala Lumpur nayo iko barabarani. Siku ya kazi kuna nafasi, ila vibanda vingi hufunga siku moja katikati ya wiki, na siku hiyo haifanani kutoka kibanda kimoja hadi kingine. Ukweli unaupata kwa simu tu. Saa zilizoandikwa kwenye ramani za mtandaoni mara nyingi ni za zamani.

Mwaka Mpya wa Kichina, vibanda vya Wachina hufunga kwa siku kadhaa au hupandisha bei. Ramadhani, vibanda vya Wamalei hufunga mchana na hujaa pomoni saa ya kufuturu, kwa hiyo weka nafasi mapema na ufike nusu saa kabla ya adhana. Ijumaa mchana, kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu, Wamalei wako msikitini na majiko yao yamepoa. Siku za kuelekea Hari Raya (Idi), watu wanaporudi vijijini kwao, barabara zote za kutoka jijini hujaa. Ahirisha.

Mvua za radi hupiga zaidi alasiri, hasa Aprili na Mei na tena Oktoba na Novemba. Pwani ya magharibi husafirika mwaka mzima. Pwani ya mashariki, kule Terengganu, Kelantan na Pahang, ni habari nyingine kabisa: kuanzia Novemba hadi Machi upepo wa kaskazini mashariki hufanya bahari ichafuke, mashua hukaa nchi kavu na vibanda vingi havifunguliwi.

Kukipata kibanda

Ukiandika kwa Kiingereza kwenye ramani, utaletewa migahawa mikubwa yenye maegesho ya mabasi. Andika kwa Kimalei: "ikan bakar" (samaki wa kuchoma), "makanan laut" (vyakula vya bahari), "mee udang" (tambi za kamba), kisha ongeza jina la mahali. Majina yenyewe yanakuelekeza. Kuala ni mdomo wa mto, bagan ni kijiji cha wavuvi kilichokua kwenye gati, jeti ni gati, parit ni mfereji, na tanjung ni rasi. Kibanda kilichoko kwenye bagan ndani ya kuala kina nafasi kubwa ya kununua samaki moja kwa moja kutoka kwenye mashua.

Maeneo manne yanatosha kuanzia. Jeram, kusini mwa Kuala Selangor, ina vibanda vya samaki wa kuchoma kando ya pwani. Pasir Penambang iko ng'ambo ya daraja la Mto Selangor, ni kijiji cha wavuvi Wachina, na migahawa yake imejengwa juu ya maji. Tanjung Karang ina watalii wachache zaidi. Sekinchan ina mashamba ya mpunga upande mmoja na bandari ya mashua upande wa pili, na mpunga hulimwa misimu miwili kwa mwaka, kwa hiyo ukifika wakati wa mavuno utakutana na mashine za kuvunia barabarani zikitembea polepole.

Ukishapata jina, fanya mambo mawili. Kwanza, fungua picha za wateja na utafute picha za risiti za miezi ya karibuni. Risiti moja inakwambia bei kwa gramu 100, kama kuna ada ya huduma, na watu wangapi walikula nini. Hakuna sifa ya maandishi inayoizidi. Pili, fungua picha ya setilaiti na ufuate barabara kwa kidole mpaka mwisho. Ramani huonyesha njia za ndani ya mashamba ya michikichi kana kwamba ni barabara za umma, kumbe zina geti linalofungwa jioni, au zinaishia kwenye mfereji usio na daraja. Hifadhi ramani ya eneo lote kwenye simu, maana mtandao hukatika ndani ya michikichi.

Kwa Mwislamu, suala la halali lisiachwe mpaka mezani. Kibanda cha Wamalei hakina shida. Mgahawa wa Wachina unaweza kuwa hauuzi nguruwe lakini unauza pombe na kutumia mvinyo wa kupikia, hasa kwenye samaki wa mvuke. Tangazo la "tiada babi" (hakuna nguruwe) halimaanishi cheti. Cheti ni nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, na kibanda kidogo cha Wamalei kinaweza kisiwe nayo na bado chakula chake kikawa halali.

Siku moja kabla, tuma ujumbe wa WhatsApp. Wenye vibanda hujibu ujumbe kuliko simu, kwa sababu mchana mikono yao iko kwenye samaki. Huu unatosha:

"Salam, esok buka tak? Nak tempah meja untuk 6 orang, pukul 12.30 tengah hari. Ketam ada? Sekilo berapa?"

Unauliza kama kesho wamefungua, unaweka meza ya watu sita, na unauliza kaa na bei ya kilo. Angalia saa: pukul 12.30 ni saa sita na nusu yetu. Ukigeuza saa kwa mazoea ya Kiswahili ukaandika 6.30, watakuwekea meza ya jioni. Kwa mgahawa wa Wachina, badala ya Salam andika "Hai bos".

Gari na barabara

Gari dogo la kawaida linatosha. Barabara ya mwisho ni nyembamba kuliko ilivyo mbaya, na gari pana ndilo linaloteseka. Malaysia huendesha upande wa kushoto. Kampuni za kukodisha hutaka leseni yako pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha, kwa hiyo beba vyote viwili.

Ushuru wa barabara kuu hulipwa kwa kadi ya Touch 'n Go. Weka RM50 (ringgit 50) ndani yake kabla ya kuondoka. Kwenye barabara kuu ya PLUS unagusa kadi unapoingia na unagusa tena unapotoka, na lazima iwe kadi ileile. Usiingie njia iliyoandikwa RFID au SmartTAG kama gari halina kifaa chake. Kizuizi hakitainuka na foleni yote nyuma yako italazimika kurudi kinyumenyume.

Kwa mafuta, mpini wa njano kwenye vituo ni wa petroli RON95. Tangu mwishoni mwa Septemba 2025, bei ya ruzuku ya RM1.99 kwa lita ni ya raia wenye MyKad (kitambulisho cha taifa), kwa hiyo mgeni hulipa zaidi kwenye pampu ileile. Gari lenye namba za nje ya nchi haliruhusiwi RON95 kabisa. Jaza tangi mjini Kuala Selangor, na utoe pesa taslimu hapohapo. Vibanda vingi vinapokea malipo ya msimbo wa QR wa DuitNow, lakini hiyo inahitaji programu ya malipo ya Malaysia au ya nje iliyounganishwa na DuitNow, na kadi za benki za nje mara nyingi hazipokelewi vijijini.

Njia nyepesi kutoka Kuala Lumpur ni PLUS kuelekea kaskazini, kisha barabara ya LATAR kuelekea magharibi mpaka Ijok, halafu Kuala Selangor. Ukifika hapo shika Barabara ya Shirikisho namba 5, ambayo inavuka Mto Selangor karibu na Pasir Penambang na kupanda hadi Tanjung Karang na Sekinchan. Mwendo wa juu kwenye barabara kuu ni kilomita 110 kwa saa, na kwenye barabara za shirikisho ni 90, ila hupungua ndani ya miji, na kamera zipo. Namba 5 ina njia moja kila upande, malori ya chikichi na pikipiki nyingi, na jioni baadhi ya pikipiki hazina taa. Usilipite lori kwenye mstari mweupe usiokatika. Dakika tano unazookoa hazina thamani.

Ondoka Kuala Lumpur saa mbili na nusu asubuhi kwa chakula cha mchana. Ukiondoka saa nne siku ya Jumamosi utakula saa tisa.

Kilomita za mwisho

Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibikiwa. Ukishaacha barabara namba 5 utakuwa kwenye njia ya lami nyembamba yenye mfereji upande mmoja au pande zote mbili, bila ukuta wa kuzuia. Ukingo unaonekana mgumu kwa sababu ya nyasi, lakini chini yake ni udongo laini uliolowa. Gurudumu likishuka, gari huinama kuelekea majini taratibu na haliwezi kujitoa. Mkikutana na gari jingine, asimame yule aliye karibu na sehemu pana, nyumba yenye uwanja au kidaraja. Nchini Malaysia dereva akikuwashia taa kali mara mbili, kwa kawaida anamaanisha kwamba anapita yeye. Usidhani amekukaribisha.

Punguza mwendo hadi 30. Kuna mbuzi, watoto kwenye baiskeli, na matuta ya lami yaliyovimba juu ya mizizi. Alama chache za kujua: "awas" ni hadhari, "jalan mati" ni njia isiyo na pa kutokea, "lencongan" ni mchepuko, "kurangkan laju" ni punguza mwendo. Ukipotea, zima gari, shuka, na uulize kwa heshima: "Pak cik, tumpang tanya, kedai makan dekat jeti di mana?" Mzee mwanamume ni pak cik, mama mtu mzima ni mak cik, kijana wa kiume ni abang na wa kike ni kakak. Swali lililoanza na mojawapo ya hayo hujibiwa na watu watatu kwa pamoja.

Njia ya udongo mwekundu ndani ya michikichi ukiiona imelowa, iache. Inateleza kama sabuni, na lori la kukuvuta liko saa nzima kutoka hapo. Ukifika, egesha gari likiangalia njia ya kutokea, mbali na mteremko wa kushushia mashua, na usiliache chini ya mnazi.

Mezani: mizani kwanza

Usikae ukaletewa orodha. Nenda moja kwa moja kwenye matangi na barafu. Mwenye kibanda anategemea ufanye hivyo, na anayeagiza bila kuangalia hupewa kilichobaki.

Kaa awe hai na achezeshe macho ukimgusa. Mgeuze: tumbo lenye kifuniko chembamba cha pembetatu ni dume, lenye kifuniko kipana cha mviringo ni jike. Dume ana nyama nyingi kwenye magando, jike huchukuliwa kwa ajili ya mayai. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa chini karibu na mguu wa nyuma wa kutembelea. Pakibonyea, kaa huyo ametoka kujivua gamba na ndani ana maji zaidi ya nyama, mrudishe. Kaa mwenye gamba lililochakaa na magando yenye meno yaliyosagika huwa amejaa kuliko yule anayeng'aa. Aliyekufa usimkubali kwa bei yoyote, maana nyama yake huharibika haraka mno. Kama amefungwa kamba nene iliyolowa, omba ifunguliwe kabla ya kupima. Kamba hiyo nayo ina uzito na unailipia kwa bei ya kaa.

Samaki wa barafuni awe na macho yaliyojaa na matamvua mekundu, na nyama yake irudi ukiibonyeza. Kamba wenye vichwa vilivyoanza kuwa vyeusi wamekaa. Ngisi mzuri bado ana madoa yaliyotengana. Ngozi ikishakuwa ya waridi kote, amezeeka.

Kisha bei. Uliza kipimo kabla ya kiasi: "Seratus gram berapa?" (gramu 100 bei gani?) au "Sekilo berapa?" Vyakula vya bei ya juu huandikwa kwa gramu 100, na mara nyingine ubao unasema tu bei ya soko. Tuseme kaa ameandikwa 14. Mtu anaona RM14, anachagua watatu na kutegemea kulipa RM42. Watatu hao wana kilo 1 na gramu 250, bei ni ya gramu 100, na hesabu inakuja RM175. Hakuna aliyeibiwa hapo, swali ndilo halikuulizwa. Wauzaji wazee wa Kichina bado hutaja pia kipimo kiitwacho kati, ambacho ni gramu 600 hivi. Samaki wa RM30 kwa kati ni wa RM50 kwa kilo.

Sema "tolong timbang dulu", pima kwanza tafadhali. Simama mbele ya mizani, hakikisha inasoma sifuri kapu likiwa tupu, na piga picha namba inapotokea. Andika kwenye simu: aina, uzito, bei. Hilo linafanywa na wenyeji pia na halimuudhi mtu. Uliza kama kuna ada ya kupika kwa wanaonunua samaki gatini na kuja nao. Baadhi ya vibanda hupika kwa kilo, vingine vinakataa.

Kwa watu wanne, hii inashibisha bila kubakiza: samaki mmoja wa gramu 800 hadi kilo 1, kaa kilo 1 (wawili au watatu), kamba nusu kilo, sahani moja ndogo ya lala (chaza wadogo), sahani ya kangkung belacan (mboga ya majani kwa uduvi) na wali sahani nne. Kumbuka kaa mzima hutoa robo hadi theluthi tu ya uzito wake kuwa nyama, kwa hiyo kilo ya kaa haishibishi kama kilo ya samaki. Ukiulizwa ukubwa wa sahani, kecil ni ndogo, sederhana ya kati, besar kubwa. Anza na ndogo, ongeza baadaye.

Mapishi yafuate ubora wa kilichomo. Kaa hai aliyejaa apikwe kwa mvuke tu, na samaki wa leo vilevile. Siakap au chewa akipikwa kwa mvuke mtindo wa Wachina wa Teochew, pamoja na tangawizi, nyanya, mboga ya chumvi na plamu ya chumvi, anakuonyesha kila kitu, na ndiyo sababu mpishi mwenye samaki wa jana hatakushawishi umchukue hivyo. Michuzi mizito, ya pilipili, ya yai la chumvi au ya pilipili manga, ni mitamu, lakini inafunika. Ukiitaka, itumie kwa chakula kimoja tu mezani. Kwenye kibanda cha Wamalei agiza samaki aitwaye taa, wanaomwita pari, akipakwa sambal (pilipili ya kusaga) na kuchomwa ndani ya jani la mgomba, au vibua, wanaowaita kembung, wakiletwa na air asam: ukwaju, vitunguu vidogo, pilipili na belacan, uduvi waliosagwa na kuchachushwa. Ikan siakap masak lemak, kwenye tui la nazi na manjano, mtu wa pwani yetu atamtambua kwa harufu kabla hajafika mezani.

Samaki wa mvuke wa gramu 800 anahitaji dakika 10 hadi 12 jikoni, taa wa jani la mgomba 15 hadi 20. Jumapili mchana, oda nzima huchukua dakika 40 na zaidi. Waambie mapema kama kuna mtoto mwenye njaa, na uombe wali na mboga zitangulie.

Viwili vya kuogopa. Kerang, kombe wadogo ambao umajimaji wao ni mwekundu kwa sababu wana himoglobini kama sisi, hupendwa wakiwa wamechovywa tu kwenye maji moto. Huchuja maji ya tope mchana kutwa, na wakiwa nusu wabichi huweza kuleta homa ya ini aina ya A. Sema "masak betul-betul", wapikwe sawasawa. Cha pili ni belangkas, mnyama wa baharini mwenye gamba kama kofia ya chuma na mkia mrefu, ambaye baadhi ya watu hula mayai yake. Yule wa mikokoni huweza kuwa na tetrodotoksini, sumu ileile ya bunju, ambayo moto hauiondoi. Usimguse kabisa.

Hesabu ikija, ilinganishe na maandishi yako mstari kwa mstari. Kwenye migahawa ya Wachina taulo za maji, karanga na chai vilivyokuwa mezani huwa vinalipiwa, kiasi kidogo kwa kila mtu. Kama huvitaki, virudishe mapema bila kufungua. Tofauti kubwa ya uzito ionyeshe kwa picha, kwa sauti ya chini, kwa mwenye kibanda mwenyewe. Karibu kila mara ni kosa la kuandika na hurekebishwa hapohapo.

Kurudi na mzigo

Nunua vya kubeba baada ya kula, dakika chache kabla ya kuondoka. Chukua kisanduku cha barafu kutoka Kuala Lumpur na uweke kilo 1 ya barafu kwa kila kilo 1 ya samaki, tabaka kwa tabaka, barafu chini na juu. Samaki atolewe matumbo kwanza. Wauzaji wa gatini hufanya hivyo ukiomba. Fungua kizibo cha chini maji yatoke, maana samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka hulainika. Kiweke kisanduku ndani ya gari penye kiyoyozi, kwa sababu buti juani huyeyusha barafu kabla hujafika Ijok.

Jumapili ondoka kabla ya saa tisa alasiri au baada ya saa tatu usiku. Kati ya hapo, barabara namba 5 na njia za kuingia jijini hujaa. Ukikaa mpaka magharibi karibu na mikoko, paka dawa ya mbu kwenye vifundo vya miguu kabla jua halijazama, na angalia salio la kadi ya ushuru kabla ya kuingia LATAR.

Kaa hai hawawekwi barafuni wala ndani ya maji: barafu inawaua, na maji ya bomba yanawaua haraka zaidi. Wafunike kwa gunia lililoloweshwa, ndani ya kapu lenye matundu, kivulini, wakiwa bado wamefungwa magando. Lowesha gunia tena ukifika nyumbani, na uwapike siku inayofuata.